Mlimani au Ng'ambo?

Haya kijana wa Chake, matokeo ya Form Six umeshayapata, sasa usingizi huna: Mlimani au ng'ambo? Mlimani jina zito, toka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London. Ng'ambo nako kutamu, ila waulize waliokuwa Khartoum Aprili 2023: vita vililipuka wakarudishwa nyumbani masomo yako njiani. Na ng'ambo yenyewe siku hizi inatufuata! Mwaka huohuo IIT Madras ya India ilifungua tawi Bweleo, Unguja, la kwanza nje ya kwao. Ni boti tu toka Mkoani. Mama yeye hana habari na majina.

"Ada tutalipa kwa karafuu zipi, mwanangu?"

Mie fomu ya mkopo nimeshajaza. Ya chuo bado tunatazamana.