Vitabu vya Kuwasomea Watoto: Yatupasa Kuchagua kwa Akili

Wazazi wengi wa upande wa Asumbi hushangaa wakisikia ya kwamba mwalimu ametumia robo saa nzima kuwasomea watoto hadithi kwa sauti. Huuliza, "Je, mtoto alipelekwa shuleni kusikiliza ngano, au kujifunza kusoma mwenyewe?" Swali hili si la kipuuzi. Mzazi ameuza mahindi yake au kuku wake ili apate kununua sare na madaftari, naye ana haki ya kujua saa za mwanawe zatumiwaje. Lakini jibu lipo. Mtoto asiyesikia lugha nzuri ya kitabu hawezi kuipenda, na asiyeipenda hasomi ila kwa kulazimishwa. Basi twataka kueleza hapa faida ya kazi hiyo, na zaidi ya hayo namna ya kuchagua kitabu, maana si kila kitabu kizuri chafaa kusomwa mbele ya watoto.

Jambo lenyewe si geni katika nchi ya Wajaluo. Zamani watoto walilala katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi kizee, na kila usiku walifundishwa kwa ngano, vitendawili na mithali. Mwalimu wao alikuwa yule mama mkongwe aliyeitwa pim. Desturi hiyo imefifia sana. Watoto wengi wa leo hulala nyumbani na wazazi warudio jioni wakiwa wamechoka, au hulala bwenini. Kwa hiyo mwalimu wa shule amerithi kigoda cha pim, apende asipende. Tofauti ni moja tu: pim alikuwa na hadithi kichwani, mwalimu anayo mkononi. Na mtoto akiisha kuona ya kwamba maneno matamu yatoka katika karatasi, hutamani kujua njia ya kuyatoa mwenyewe.

Asumbi ni mahali pafaapo kusema habari hizi. Misheni yake ilijengwa na mapadre wa Mill Hill, na hapo kuna Chuo cha Walimu ambacho wanafunzi wake hutoka kwenda kufundisha katika shule za msingi. Jambo jema likishika Asumbi, husambaa mbali.

Sikio hutangulia jicho

Uchunguzi wa shirika la Uwezo katika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha ya kwamba takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kufanya kazi ya darasa la pili. Habari hiyo iliwatia watu haya, na ilikuwa kweli. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa Tusome katika shule za msingi za umma, kila mtoto wa madarasa ya chini apate kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Na katika mpango huo mwalimu alitakiwa pia kuwasomea watoto hadithi kwa sauti. Nchi za mbali zimefikia neno lilo hilo. Katika Marekani, tume ya wataalamu ilitoa taarifa mwaka 1985 ikisema ya kwamba hakuna kazi ipitayo kuwasomea watoto kwa sauti katika kuwatayarisha wawe wasomaji.

Sababu yake ni rahisi. Mtoto huelewa kwa sikio maneno ambayo jicho lake halijaweza kuyasoma. Mtoto wa darasa la pili aweza kuhangaika na sentensi ya maneno matano, lakini ukimsimulia habari ndefu ya sungura na fisi, hapotei hata mara moja. Basi kanuni ya kwanza ya kuchagua ndiyo hii: kitabu cha kumsomea mtoto na kiwe kigumu kidogo kuliko kile awezacho kusoma peke yake. Ukimsomea kile anachokiweza, humwongezei kitu. Ukimsomea kilichompita sana, atalala.

Lugha gani?

Katika mtaala mpya ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, watoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya mahali wanapokaa. Kwa Asumbi lugha hiyo ni Dholuo. Lakini mpaka wa nchi ya Wagusii hauko mbali, na katika madarasa mengine wamo watoto ambao mama zao husema Kigusii. Mwalimu na ahesabu kwanza masikio aliyo nayo. Darasa likiwa la Wajaluo watupu, hadithi za Dholuo zitangulie. Likiwa la mchanganyiko, Kiswahili ndicho kitakachowakusanya wote bila kumwacha mmoja nje. Kiingereza kifuate baadaye, watoto wakiisha kuonja utamu wa kitabu. Maana mtoto akikutana na kitabu mara ya kwanza katika lugha asiyoijua, hudhani vitabu vyote ni adhabu.

Wengine husema hakuna vitabu vya Dholuo. Si kweli, ingawa ni vichache. Tangu mwaka 1948 hadi Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, East African Literature Bureau ilichapa vitabu katika lugha nyingi za wenyeji, Dholuo ikiwa mojawapo. Mwaka 1938 Paul Mboya wa Karachuonyo alitoa Luo Kitgi gi Timbegi, juu ya mila na desturi. Nacho ni kitabu cha mwalimu kujisomea kuliko cha kuwasomea watoto. Marehemu Asenath Bole Odaga alikusanya ngano katika Thu Tinda, jina linalotokana na maneno ya kufungia hadithi za Wajaluo. Kadhalika, kwa anayejua Kiingereza, kipo Keep My Words cha B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe cha mwaka 1974, ambacho mwalimu aweza kutolea ngano na kuzisema kwa Dholuo.

Ngano za wazee: zipi zisomwe?

Hapa wazazi Wakristo wengine hukunja uso. Hudhani ngano za kale ni mambo ya ushenzi yasiyofaa katika shule ya misheni. Nionavyo mimi, kosa haliko katika ngano, bali katika kusoma bila kuchagua.

Tuchukue habari ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay. Husimuliwa ya kwamba bibi kizee alifika penye karamu, akafukuzwa, isipokuwa mama mmoja aliyemhurumia. Usiku ule mji wote ukazama katika maji. Ni padre gani atakayeikataa habari hii, naye hufundisha kila mwaka juu ya kumkaribisha mgeni? Tena yafungua mlango wa elimu nyingine. Mwalimu akimaliza hadithi aweza kueleza ya kwamba wataalamu wa ardhi husema ziwa lile ni shimo la volkano lililojaa maji ya magadi, ambamo ndege wa heroe huja kutafuta chakula. Mtoto hujifunza ya kwamba jambo moja laweza kuelezwa kwa njia mbili, moja ya moyo na moja ya vipimo.

Sasa tuchukue Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Watoto huipenda mno. Lakini ndani yake mna maadui wa kabila la jirani, na mna mke aliyetoka kwa maadui hao akaifichua siri ya mumewe. Sisi tuliouona msiba wa mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, jirani walipofukuzana kwa ajili ya kabila, hatuwezi kuisoma habari hiyo ovyo. Sisemi ifichwe. Nasema isisomwe kwa watoto wa darasa la kwanza, na wakubwa wakisomewa waulizwe: Je, yule mke alikuwa na deni kwa watu gani? Wale wa upande wa pili husimulia nini jioni nyumbani kwao?

Kadhalika hadithi fupi ya Grace Ogot katika Land Without Thunder, kitabu cha mwaka 1968, juu ya binti wa mkuu aliyetolewa aliwe na joka la ziwani ili mvua inyeshe. Ni kazi bora sana, tena ina chimbuko katika nchi yetu. Lakini mtoto wa miaka saba atakwenda nyumbani nayo usiku, naye hatapata usingizi. Wa miaka kumi na mitatu atapata faida.

Liko jambo jingine litakalo uangalifu zaidi katika Homa Bay na Migori. Ugonjwa wa UKIMWI uliua wazazi wengi katika pande hizi, na hata leo wapo watoto wengi walelewao na nyanya, shangazi au mama wa kambo. Ngano nyingi za Afrika na za Ulaya humfanya mama wa kambo kuwa mwovu. Mwalimu asomaye kitabu cha namna hiyo bila kufikiri huenda akamchoma mtoto aliyeketi kimya nyuma, ambaye jioni yuaenda kula chakula kilichopikwa na mama yule yule. Basi mwalimu aijue nyumba ya kila mtoto kabla ya kukijua kitabu. Na akipata hadithi ambayo ndani yake bibi kizee au mama wa kambo ni mwema, aiweke mahali pa kuonekana.

Kiswahili na Kiingereza

Kwa Kiswahili, Hekaya za Abunuwasi hazijapata mshindani kwa darasa la tatu na la nne. Kila kisa ni kifupi, chamalizika kwa kikao kimoja. Kile kisa cha sufuria iliyozaa, kisha ikafa, huwafanya watoto wacheke kabla ya mwisho kufika, kwa maana wameuona mtego mapema; na mtoto anayeuona mtego mapema amekwisha kuwa msomaji.

Kwa darasa la tano na la sita, chafaa Adili na Nduguze, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1952. Kiswahili chake ni kirefu na kizito, lakini kisa chake huvuta: mtu mwema alazimishwa kuwapiga kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake. Mzazi asiogope mapigo hayo. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na kitabu hiki chaonyesha vizuri kuliko sheria jinsi anayepiga awezavyo kuumia kuliko apigwaye. Mwalimu asome sura moja kwa siku au sehemu ya sura, aache mahali penye shauku.

Kwa Kiingereza, vitabu vya Barbara Kimenye juu ya mvulana Moses, vilivyoanza kutoka miaka ya 1960, ni vyepesi na vya kuchekesha. Wengine hulalamika kwamba Moses ni mtundu. Ndiyo, ni mtundu; na watoto wanajua.

Kanuni chache

Kwanza, mwalimu asisome kitabu chochote kwa watoto kabla ya kukisoma mwenyewe hadi mwisho. Pili, asitegemee picha; darasani mwenye watoto 60, wa nyuma hawaoni picha, hivyo hadithi lazima isimame kwa maneno yake. Tatu, aepuke vitabu ambavyo mafunzo yake hutangulia mbele kama askari. Mtoto huyanusa akafunga masikio. Nne, ahakikishe ya kwamba katika vitabu vyake vya muhula wamo wasichana watendao jambo, si wachota maji tu. Tano, asigeuze hadithi kuwa mtihani. Aulize, "Mwadhani itakuwaje?" kisha aendelee.

Gharama ni kiasi gani? Mkulima na afanye hesabu. Robo saa kila siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 12 ya muhula, ni saa 15. Mwalimu akisoma kurasa 5 kwa kila kikao, zitakuwa kurasa 300, yaani vitabu vitatu vya kurasa 100. Vitabu vya masomo hutakiwa kimoja kwa kila mtoto. Lakini kitabu cha kusomwa kwa sauti ni kimoja tu kwa darasa zima. Kwa nakala tatu kila muhula, watoto 60 watakula chakula kimoja wakashiba wote, na mwaka ujao darasa jingine litakula tena.

Basi nawashauri wazazi walio katika halmashauri za shule: mkutano ujao, baada ya kusema habari za choo na uzio, mwulizeni mwalimu mkuu ni vitabu gani vitatu vitakavyosomwa kwa sauti muhula huu, na kwa nini vichaguliwe hivyo. Asipokuwa na jibu, msimkemee. Kaeni naye mkavichague pamoja. Na yule mzazi ajuaye kusoma asingoje shule. Samaki mkunje angali mbichi. Taa ikiwashwa jioni, kurasa mbili zatosha.