Sheria ya kazi yamjua mgonjwa, haimjui aliyefiwa

HAKUNA udhuru unaokubaliwa upesi nchini Kenya kuliko msiba. Mtu akisema amefiwa, kikao huahirishwa, mdai hunyamaza, na hata mwenye nyumba husubiri kodi yake. Ni ajabu basi kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilipotungwa haikutenga hata siku moja kwa ajili ya mazishi.

Sheria hiyo ilitaja mambo mengine waziwazi. Mfanyakazi hupata likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 mfululizo. Mama aliyejifungua hupewa miezi mitatu, baba wiki mbili. Anayeugua baada ya kutumikia miezi miwili mfululizo hustahili angalau siku saba za mshahara kamili na saba nyingine za nusu mshahara kila mwaka, mradi awe na cheti cha daktari. Marekebisho ya 2021 yaliongeza mwezi mmoja kwa anayechukua mtoto wa kulea kisheria. Mfiwa hakuguswa.

Pengo hilo limeachiwa mikataba na kanuni za kila kampuni. Palipo na chama cha wafanyakazi, maelewano yake na mwajiri aghalabu hutaja siku za msiba, na pia hutaja ni nani akifa ndipo zitolewe: mume au mke, mtoto, mzazi, pengine ndugu wa tumbo moja.

Hapo ndipo mzozo huanzia. Katika Kiswahili, ndugu wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na dada wa mama ni mama vilevile. Mara nyingi ndio hao waliomlipia mtu karo. Meneja akisoma neno “mzazi” huona watu wawili, mfanyakazi huona sita au saba. Ule mzaha wa ofisini kuhusu mtu aliyezika nyanya watatu si wa haki kila mara, kwani dada za nyanya nao ni nyanya.

Halafu kuna suala la muda. Muislamu aghalabu huzikwa siku ile ile au kesho yake, hivyo mfanyakazi wa Mombasa aweza kwenda makaburini adhuhuri na kurudi kazini asubuhi inayofuata. Mazishi ya Siaya au Kakamega huweza kuchukua wiki nzima au zaidi: vikao vya michango, kuutoa mwili mochari, safari ya usiku kucha, kisha maziko siku ya Jumamosi. Siku mbili za ruhusa humalizikia barabarani.

Mjane wa Kiislamu ana mzigo mwingine. Eda yake ni miezi minne na siku kumi. Likizo yote ya mwaka haifiki robo ya muda huo. Wanazuoni wengi humruhusu mjane anayejitafutia riziki kutoka mchana, mradi alale nyumbani kwake. Huo ndio mwanya alio nao. Katika sheria ya ajira hana pa kushika.

Kuondoka bila ruhusa ni hatari. Kifungu cha 44 kinahesabu kukosa kazini bila idhini au sababu halali kuwa kosa kubwa, na mtu aweza kufutwa papo hapo. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri kumweleza mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, na kumsikiliza mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama. Asiposikilizwa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba yaweza kumtunuku fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Ndiyo maana ujumbe mfupi aliomtumia msimamizi kabla ya kupanda basi, pamoja na nakala ya kibali cha mazishi, huwa na uzito kuliko maelezo marefu ya baadaye.

Kibarua wa kutwa hali yake ni ngumu zaidi. Siku asiyofika halipwi, na kesho yake huenda akamkuta mwingine langoni. Kifungu cha 37 humhesabu aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, lakini ni lazima kwanza athibitishe siku hizo, ilhali daftari la mahudhurio hukaa kwa mnyapara.