Mtoto Ajue Kutoa Angali Mdogo

Wazee wetu wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema bure. Katika Bagamoyo ya zamani pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na mpagazi asiyejua hesabu alikubali alichoambiwa na mwenye kalamu. Wakati wa Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka mwaka 1904 ilipogawanywa kuwa heller 100. Neno "hela" tunalolitumia hata leo ni masalio ya fedha hiyo. Hebu fikiri, ndugu msomaji, jinsi ilivyokuwa rahisi kumpunja mtu aliyetoa rupia nzima kununua kitu cha pesa 27!

Leo mtoto wa mkulima na wa mvuvi yumo darasani, na mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo ni jambo jema. Lakini kukaa darasani si kujua. Mwulize mtoto: baba amerudi na samaki 32, ameuza 15, wamebaki wangapi? Wako watakaoandika 23. Mtoto ameona kwamba 5 haitoki katika 2, basi akageuza, akatoa 2 katika 5 akapata 3; kisha akatoa 1 katika 3 akapata 2. Huyu si mjinga. Amefuata kanuni aliyoikariri pasipo kuielewa, na fimbo haitamwelewesha.

Dawa yake haina gharama. Achukue njiti za chelewa, azifunge kumi kumi. Kwa 32 atakuwa na mafungu matatu na njiti mbili. Ili atoe tano, hana budi kufungua fungu moja. Sasa ana njiti 12, atoe tano, zibaki saba. Katika mafungu mawili yaliyosalia atoe moja. Amebakiwa na fungu moja na njiti saba, yaani 17. Akiisha kuyafanya hayo kwa mikono yake mara nyingi, ndipo aandike tarakimu ubaoni.

Lugha yetu nayo yasaidia. Tusemapo "kumi na mbili", mtoto husikia kumi, akasikia na mbili. Lakini ishirini, thelathini na arobaini zimetoka katika Kiarabu, nazo humficha kwamba ni makumi mawili, matatu na manne. Yafaa mwalimu aseme pia "makumi matatu na mbili", mpaka jambo limkae mtoto kichwani.

Tena, kujumlisha na kutoa visitenganishwe, kwa maana kimoja ni shahidi wa kingine. Ukijumlisha 15 na 17 utapata 32. Ukijumlisha 15 na 23 utapata 38. Je, samaki sita wa ziada wametoka bahari gani? Mtoto aliyezoea kujiuliza hivyo hatadanganywa upesi.

Wala tusimwachie mwalimu mzigo huu peke yake, naye ana darasa lililojaa. Mama anayefua nazi nyumbani aweza kuuliza: korija moja ni 20, tumevunja sita, zimebaki ngapi? Baba wa Kunduchi au Mlingotini amwache mwanawe ahesabu mafungu ya samaki na chenji ya mnunuzi. Lakini ahesabu baada ya masomo, si badala ya masomo.

Ndugu zetu wafanyakazi wajua maana ya jambo hili. Asiyejua kutoa hawezi kuyachunguza makato ya mshahara wake, wala mkulima hawezi kubishana na mizani. Haba na haba hujaza kibaba. Njiti kumi za leo ndizo zitakazomlinda mtu mzima wa kesho. Basi jioni hii, tumwite mtoto, tumpe njiti, tukae naye.