Kilo ngapi za uzi kwa sweta 60? Pima kabla hujavuka mpaka

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, mafundi wa sweta za wanafunzi huanza safari za kutafuta uzi. Anayefuma Arusha hupanda basi hadi Nairobi kupitia Namanga, njia ya kilomita takriban 270 kwenda tu. Akirudi na uzi uliopungua, itambidi aifunge safari hiyo upya, na faida ya kazi nzima huishia kwenye nauli, malazi na siku alizopoteza.

Hasara kubwa zaidi ni ya rangi. Kiwanda hutia uzi rangi kwa mafungu, na kila fungu hupewa namba yake, ambayo wauzaji wengi huiita loti. Bluu ya loti ya leo na bluu ya loti ya mwezi ujao zinaweza kuwa na jina moja kwenye lebo, lakini ukizianika juani pamoja, tofauti inaonekana. Mwalimu mkuu aliyeagiza sweta za rangi moja hatapokea sweta yenye mwili wa bluu hii na mikono ya bluu ile. Ndiyo maana uzi wa kazi moja hununuliwa wote kwa mara moja, na ili uweze kufanya hivyo ni lazima ujue kiasi kabla ya kuondoka nyumbani.

Njia nyepesi kuliko zote ni mzani. Chukua sweta uliyowahi kufuma kwa uzi wa unene uleule na mashine ileile, uipime kwenye mzani wa kidijitali wa jikoni. Uzito wake ndio uzi ulioingia humo. Fanya hivyo kwa kila saizi, usipime moja ukadhani zote ni sawa.

Kama huna sweta ya mfano, fuma kipande cha majaribio. Kiache kimelala mezani usiku kucha, maana kitambaa kikitoka kwenye mashine huwa kimevutika na hurudi taratibu. Kisha pima mraba wa sentimita 20 kwa 20, yaani sentimita za mraba 400. Tuseme una uzito wa gramu 16. Sweta ya saizi ya kati ikiwa na mbele na nyuma zenye upana wa sentimita 40 na urefu wa 48 kila moja, hizo ni 3,840. Mikono miwili yenye upana wa wastani wa sentimita 27 na urefu wa 40 inaongeza 2,160. Jumla ni 6,000. Gawanya kwa 400 upate 15, zidisha kwa 16: gramu 240.

Sasa ingia kwenye oda. Shule imetaka sweta 60: ndogo 20 za gramu 200, za kati 25 za gramu 240, na kubwa 15 za gramu 290. Hiyo ni kilo 4, kilo 6 na kilo 4.35, jumla kilo 14.35. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kola, mapindo, uzi unaokatika na sweta itakayoharibika. Unafika karibu kilo 15.8, hivyo nunua 16. Aliyekisia kwamba kila sweta ni gramu 200 angebeba kilo 12. Angepungukiwa karibu kilo 4, uzi wa sweta zaidi ya 14 za saizi ya kati.

Dukani, uliza kama kilo unazouziwa zimepimwa pamoja na koni ya ndani. Koni tupu nayo ina uzito, na ukinunua nyingi, gramu hizo hugeuka kuwa sweta nzima uliyolipia bila kuipata. Soma namba ya loti ya kila koni kabla hujalipa.

Wanaofuma kwa mkono kwa madonge wasitegemee uzito peke yake. Uzi mnene una mita chache kuliko mwembamba wa uzito uleule. Kama kazi ilikula madonge 10 ya mita 120, ulitumia mita 1,200. Ukipata donge la mita 90, utahitaji madonge 14, hata kama yote yameandikwa gramu 50. Na kwa krosheti, ile ya sindano moja yenye ndoano, fuma kipande chake cha majaribio, kwa sababu kwa kawaida hula uzi zaidi ya sindano mbili.

Hesabu hii inakusaidia hata forodhani, kwa kuwa unafika ukijua kilo na thamani ya mzigo wako. Bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 za Marekani zinaweza kutumia cheti rahisi cha uasili na kusamehewa ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine zinaweza kubaki. Lakini angalia lebo: uzi uliosokotwa Kenya unaweza kuwa na asili ya jumuiya, ila uliotoka ng'ambo ya kanda hii haupati asili hiyo kwa kununuliwa Nairobi tu. Muulize ofisa wa forodha unapokwenda, usisubiri kurudi na mzigo.

Kazi ikiisha, pima uzi uliobaki na uandike: shule gani, saizi gani, gramu ngapi, loti ipi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu ujao, daftari hilo litakuambia kilo za kununua kabla hujakata tiketi.