Elekea Kibla, Utakiona Kilimia

Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hiyo ingali midomoni mwa watu wa Mombasa. Walakini mwambie anayeitamka akuonyeshe Kilimia chenyewe kule juu, na aghalabu atakutazama wewe badala ya kutazama mbingu. Juzi nilimwuliza dereva wa teksi huko Likoni. Hakukijua, ilhali kimebandikwa mbele ya gari lake: Subaru ni jina la Kijapani la Kilimia, na zile nyota sita za nembo ndizo hizo hizo!

Kilimia ni kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, ambazo Waarabu huziita Thuraya. Jina letu latokana na kulima. Wazulu nao, kule mbali kusini, husema isiLimela, neno la mzizi uo huo. Jembe na nyota hizi ni masahibu wa siku nyingi.

Sasa, msomaji wangu, wapi pa kukitafuta? Katika jambo hili sisi wa Mombasa tumepewa dalili nyepesi kuliko wengi. Makka iko kaskazini yetu sawasawa, karibu pasi na kupinda kulia wala kushoto. Na kila nyota inayopita upande wetu wa kaskazini hufika kilele chake inapokata mstari huo huo. Kwa hivyo Kilimia kikifika juu kabisa, huwa kimekaa juu ya kibla. Simama kama mwenye kutaka kusali, kisha inua uso kiasi cha thuluthi mbili ya njia ya kwenda utosini. Saa hiyo hiyo, walioko Makka wanacho karibu na utosi wao.

Mwisho wa Novemba hufika hapo karibu na saa sita za usiku. Mwanzo wa Januari ni saa tatu na nusu, na mwanzo wa Februari ni saa moja na nusu, baina ya Maghribi na Isha. Hiyo ndiyo miezi ya kaskazi, mbingu ni safi. Epuka usiku wa mwezi mpevu. Siku bora ni zile za mwandamo, jicho likiwa halina mshindani. Ukibabaika, tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ufuate mstari huo kuelekea kaskazini-magharibi. Utakutana kwanza na nyota kubwa yenye wekundu, nayo ni Dabarani, maana yake mfuasi, kwa kuwa humwandama Thuraya usiku kucha. Mbele yake ndipo kilipo kishada.

Wengi huhesabu nyota sita, mwenye macho makali saba au zaidi. Galileo wa Italia alipokielekezea darubini alichora 36, akazichapa kitabuni mwaka 1610. Leo wataalamu wa falaki wamezipita 1,000. Nuru yake husafiri miaka kama 440 kabla ya kutufikia. Hiyo tunayoiona ilianza safari Mreno akiwa hajaanza kujenga Ngome ya Yesu, aliyoianza 1593.

Mtu wa Likoni na ateremke Shelly Beach mwanzo wa Novemba, saa mbili na nusu za usiku, atazame baharini upande wa matlai kuelekea kaskazini. Atakikuta kimetoka majini si muda mrefu, na taa za kisiwani ziko kando yake. Mtu wa Kisauni ana bahati zaidi. Akienda pande za Mwakirunge na kuelekea kibla, mwangaza wa mji wote humbakia mgongoni. Wa Changamwe nawaonea huruma, kwani taa za bandari ya Kipevu upande mmoja na za uwanja wa ndege upande wa pili zimeugeuza usiku wao kuwa magharibi isiyokwisha. Hata hivyo Kilimia hupanda juu ya utusitusi huo. Panda darini, jikinge na taa kwa ukuta, uyape macho dakika ishirini yazoee giza, kisha usikikodolee. Kitazame kwa pembe ya jicho.

Najua wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya unajimu. La! Kupiga ramli ni jambo moja na kujua wakati ni jingine. Katika Surat al-An'am, aya ya 97, Mwenyezi Mungu ametaja nyota kuwa uongozi katika giza la bara na bahari. Bukhari amepokea kuwa Zaid bin Thabit hakuwa akiuza matunda ya shamba lake mpaka Thuraya ichomoze. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, baada ya mvua ya usiku pale Hudaibiya, aliwakataza watu kusema kuwa nyota fulani ndiyo iliyowanyeshea. Nyota ni saa, na saa haipiki chakula. Mwaka 1997 Kilimia kilizama na kuzuka kwa tarehe zake zile zile, na mvua za El Nino zikaja Oktoba bila ya kukitaka idhini. Ndiyo maana methali yenyewe siichukui kuwa utabiri. Naichukua kuwa ukumbusho wa watu waliokuwa wakitazama juu kila siku.

Kwani kuzama kwake ni kweli. Aprili hukaa chini magharibi baada ya Maghribi, na ikiingia Mei hupotelea katika mwanga wa jua kwa muda wa mwezi na zaidi, masika yakiwa yamepamba moto. Wiki ya tatu ya Juni, anayetoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri na atazame matlai, kidogo upande wa kaskazini, kabla hakujapambazuka. Kitakuwa kimerudi, mawingu ya kusi yakipenda.