Kilwa Jazz Band

Kilwa Jazz Band (pia: Kilwa Jazz) ilikuwa bendi ya muziki wa dansi nchini Tanzania, iliyovuma hasa katika miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Ahmed Kipande. Ingawa ilibeba jina la Kilwa, mji wa kale wa pwani katika Mkoa wa Lindi wa leo, makao yake yalikuwa Dar es Salaam.

Jina

Kuipa bendi jina la nyumbani lilikuwa jambo la kawaida kwa wahamiaji wa Dar es Salaam. Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende wa Nzega, ilichukua jina la Jimbo la Magharibi kwa njia hiyohiyo. Neno "jazz" nalo lisimpotoshe msomaji: halikumaanisha jazz ya Wamarekani weusi, bali bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa.

Muziki

Msingi wa dansi ya wakati huo ulikuwa rumba ya Kuba, iliyofika Afrika Mashariki kwa santuri za GV tangu miaka ya 1930, kisha rumba ya Kongo. Juu yake ziliwekwa tungo za Kiswahili, magitaa ya umeme na saksofoni. Kati ya nyimbo za Kilwa Jazz zinazopigwa bado kama zilipendwa ni "Rose Wauwa".

Rekodi

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na santuri za bendi zake nyingi zilitengenezwa Nairobi. Hivyo studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko zote. Kurekodi huko kulikuwa karibu sawa na kupiga ukumbini: waimbaji na wapigaji wote walikaa chumba kimoja, wakapiga pamoja mbele ya maikrofoni chache. Aliyekosea katikati aliwarudisha wenzake mwanzo, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kurekodi sauti moja moja na kuziunganisha baadaye. Ndiyo sababu nyimbo hizo zina uhai ambao rekodi nyingi safi za siku hizi hazina.

Kanda zilibaki mali ya kituo, ambacho leo ni sehemu ya TBC. Wimbo ambao haukutolewa kwenye santuri ulibaki kwenye kanda hiyo tu, na kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu, vitu ambavyo Dar es Salaam inavyo kwa wingi.