Eko ya moyo na sindano ya kila wiki nne

Mtoto anaumwa koo, anapata homa siku mbili tatu, anapona na kurudi kucheza. Kwa wengi habari huishia hapo. Lakini koo hilo likiwa limesababishwa na bakteria aina ya streptokokasi, na lisipotibiwa, kwa watoto wachache kinga ya mwili hugeuka na kuanza kushambulia valvu za moyo, yaani milango inayofunguka na kufunga kila moyo unapodunda. Shambulio likijirudia, valvu hunenepa, hukakamaa na kuanza kuvujisha damu. Familia nyingi hugundua miaka mingi baadaye, pengine binti akiwa mjamzito, pumzi ikimkata kila akilala chali.

Kwa muda mrefu daktari alitegemea stetoskopu tu, na stetoskopu haisikii uvujaji mdogo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa Msumbiji na Kambodia. Altrasaundi ya moyo, ambayo wahudumu wengi huiita eko, iliwabaini wagonjwa takriban mara 10 zaidi ya waliobainika kwa kusikiliza kifua.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mpimaji hupaka jeli kifuani, kisha hukiweka kifaa katikati ya mbavu. Mawimbi ya sauti yasiyosikika hugonga moyo na kurudi, na kompyuta huyageuza kuwa picha inayocheza. Damu inayokuja upande wa kifaa huonyeshwa kwa rangi nyekundu, inayokwenda mbali nacho kwa bluu. Valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo ikivuja, kila moyo unapokaza, mkondo wa rangi zilizochanganyika hurudi nyuma, kule damu ilikotoka. Mpimaji huusimamisha kwenye kioo na kuupima urefu wake kwa sentimita.

Hapo ndipo lilipozuka swali gumu. Mtoto anakimbia, anasoma, hana dalili yoyote, ila picha inaonyesha kasoro ndogo. Je, itakua? Na je, ni haki kumchoma sindano ya penisilini ya kuzuia koo hilo lisirudi, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu ya picha?

Jibu lilitoka kaskazini mwa Uganda. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa kwa eko, na 818 wenye ugonjwa uliojificha wakaingizwa katika utafiti. Nusu yao walichomwa penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Wengine walifuatiliwa bila sindano. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2021: kati ya waliojumuishwa katika uchambuzi wa mwisho, waliozidiwa ni 3 tu kati ya 399 waliochomwa, na 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa. Kwangu mimi, huu ni miongoni mwa tafiti muhimu kabisa za afya ya watoto zilizofanyika Afrika Mashariki, na unastahili kujulikana na kila mzazi.

Tuzisome takwimu hizo kwa makini. Hata bila sindano, wengi hawakuzidiwa katika miaka hiyo miwili. Picha ilionyesha nani yumo hatarini, haikumtaja yule atakayeumia. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 unaipanga picha ya eko katika hatua nne, kufuatana na uwezekano wa ugonjwa kusonga mbele au kuleta madhara.

Kikwazo kilichopo ni uhaba wa watu wa kupima. Madaktari wa moyo ni wachache na wengi wako mijini. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, wauguzi waliofundishwa kutumia mashine ndogo ya mkononi waliwabaini takriban watoto watatu kati ya kila wanne wenye ugonjwa. Mmoja aliyebaki alipita bila kubainika, na wapo wazima waliotiliwa shaka bure, kwa hiyo picha ya muuguzi lazima ipitiwe na mtaalamu. Kisha zahanati iliyo karibu na mtoto iwe na penisilini leo, na wiki nne baadaye iwe nayo tena.